Hatua ya Kumi na Saba

3 Februari

Kiherehere wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za wale ambao hawakunituma, maana najua wangenituma kama wangekumbuka. Baba yako analalamika mgongo, lakini ukimwambia kuna mpira kwenye televisheni anakaa saa mbili bila kugeuka. Mimi cherehani yangu ile nyeusi imegoma tena. Sasa natumia ya umeme na siipendi, inakimbia kama wewe.

Usiniulize kwa nini sipokei simu. Masikio yangu yamestaafu kabla ya mwenyewe. Naiona inawaka, naiweka sikioni, nasikia kama mtu anachemsha maji. Niandikie. Barua naweza kuisoma mara tatu na isininunie.

Sasa sikiliza, mwanangu. Siko vizuri. Sitaki kuandika mengi, ila nguvu zimenipungua, na kuna siku siamki mpaka jua limepanda kabisa. Njoo. Usiniambie mwisho wa mwezi, usiniambie ukipata nafasi. Njoo Ijumaa ya tarehe 21, ufike kabla ya giza. Nina neno la kukwambia, nalo haliandikiki.

Baba yako usimwambie kwamba naumwa. Atakuja na dawa zake za mgongo.

Shangazi yako, mkaidi yule yule


16 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umepona kabisa ule ugonjwa wa kula viazi sahani mbili na kuimba jikoni. Nilikasirika wiki nzima, wiki ya pili nikawa nakasirika huku nacheka, sasa imebaki kucheka tu. Siku mbili nilisubiri hilo neno lako lisiloandikika, na kila nikikusogelea unakumbuka vifungo vya mteja. Jumapili nikapanda basi, neno umebaki nalo. Haya, ni lako.

Huku ni wazima. Mwenye nyumba amerekebisha dirisha langu, sasa linafunga lakini halifunguki. Nimeanza kupika mwenyewe, na jirani amenisifu kwa kusema chakula changu hakinuki.

Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikakujibu "madawa" kwa sababu nilikuwa nakata vitunguu na machozi yananitoka. Nakueleza vizuri sasa. Tunatengeneza minyororo midogo isiyoonekana kwa macho, kwa kuunganisha pingili moja baada ya nyingine. Pingili zenyewe zinaitwa asidi amino. Ndizo zinazojenga nyama ya mwili wako na wangu. Kwetu zinakuja kwenye chupa ndogo, unga mweupe, na zinakaa kwenye friza. Kila pingili ina ncha mbili za kushikia, na ukiziacha huru zitashikana zenyewe kwa zenyewe ovyo ovyo. Kwa hiyo huko zinakotengenezwa ncha moja huvishwa kofia, na pingili yenye mkono wa pembeni, mkono huo nao huvishwa. Sisi tunaifunga ya kwanza kwenye punje ndogo za plastiki, tunaivua kofia kwa dawa yenye harufu mbaya kuliko zote nilizowahi kunusa, tunaosha, tunaleta pingili ya pili na kofia yake, tunatikisa saa nzima. Halafu unaivua na hiyo, unaleta ya tatu. Wewe ukipiga bandi unatia uzi ukijua kabisa kwamba utautoa. Kofia zetu ni hivyo hivyo.

Kabla ya kwenda hatua nyingine unachota punje chache kwenye kijitubu, kichupa chembamba cha kioo, unatia matone ya dawa, unapasha moto dakika tano. Zikiwa njano, ncha zote zimeshika. Ukiona bluu, kuna ncha bado ziko wazi, na hatua inarudiwa. Unaandika rangi kwenye daftari, unaweka saini.

Mnyororo wetu wa safari hii una pingili ishirini na nne. Kuna daktari wa vidonda ameusubiri tangu mwaka jana. Tuliumaliza wiki iliyopita, tukaupima, umeharibika. Sehemu kubwa ni mnyororo mzima, sehemu nyingine imekosa pingili moja, na vitu viwili hivyo vimefanana mno hata mashine ya kusafishia haivitenganishi. Mkubwa wangu anasema ni unyevu, chupa zilipata maji. Mama Stoo, yule mtunza stoo ninayekunywa naye chai, aliandika mwenyewe kwenye kitabu chake kwamba Jumapili moja ya mwezi wa pili friza ilizimika kwa sababu plagi ililegea. Hakuna mwingine aliyejua. Angenyamaza, asingeulizwa kitu. Sasa ukweli wake ndio uliomponza, ameitwa kwenye kikao.

Ni hayo. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Msalimie baba, na uache kuugua bila ruhusa.

Mpwa wako


2 Aprili

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Barua yako nimeisoma mara tatu kama kawaida. Baba yako naye ameisoma, akasema sasa ameelewa kwa nini nyama inauma ukipigwa. Sijui alichoelewa.

Kazi ipo. Nimeshona sare za wanafunzi mpaka ndoto zangu zina mifuko miwili. Fundi seremala wa ng'ambo ya barabara ananitengenezea meza ya kukatia. Amekuja kuipima mara nne. Meza ina pembe nne tu, lakini kila pembe kaijia siku yake. Ni mtu mpole. Anavua viatu mlangoni hata nikimwambia aache. Kikohozi chake kimepona. Basi, ya seremala yatosha.

Nirudi kwako. Tangu una miaka mitano, ukiwa na kosa unafupisha maneno. Ulipovunja taa ya mezani nilikuuliza taa iko wapi, ukajibu, "Taa ipo." Sasa umeniandikia kurasa mbili za kofia na punje, nikafurahi kama niko darasani, halafu Mama Stoo umempa mistari sita na ukafunga mlango. "Sina la kuongeza." Nani alikuuliza uongeze?

Huyo mama umeniambia hapa jikoni kwamba alikufundisha kusubiri chupa ipate joto kabla ya kuifungua, isivute unyevu. Kwamba siku yako ya kwanza alikupa koti lake kwa sababu lako lilikuwa refu. Mtu wa namna hiyo hapewi mistari sita. Kikao chake ni lini? Na wewe umesimama wapi katika jambo hili?

Nijibu kwa kirefu. Kama taa imevunjika, sema imevunjika.

Shangazi


18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ni wazima huku, dirisha bado halifunguki, mvua imeanza. Barua hii nimeianza mara nne, nne zote ziko kwenye kapu.

Taa imevunjika.

Hatua ya kumi na saba ndiyo ngumu kuliko zote kwenye mnyororo ule. Ni pingili iitwayo valini inakwenda kukaa juu ya nyingine iitwayo isoleusini, zote mbili nene, hazipendi kusogeleana. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Nilikuwa na haraka, na sababu ya haraka haina maana sasa. Hatua kumi na sita zilizotangulia zote zilikuwa njano. Nikiwa nasubiri dakika tano za moto nilifungua daftari ili kuokoa muda, mkono ukaandika "njano" na saini chini yake. Halafu nikainua kijitubu kwenye mwanga. Punje nyingi njano. Nne tano zilikuwa bluu.

Kurudia ni saa moja na nusu. Nilitazama punje, nikatazama daftari, na daftari lilikuwa limeshasema. Nikamwaga kijitubu kwenye chombo cha taka, nikavua koti, nikaondoka.

Linaloniuma zaidi ni Jumatatu. Jumatatu nilikuwa na asubuhi nzima, Shangazi. Ningeweza kuirudia hatua ile nikaokoa kila kitu. Lakini ningelazimika kukata neno "njano", kuandika sababu pembeni na kuweka saini mbele ya macho ya kila atakayelifungua daftari. Niliona aibu ya mstari mmoja. Nikavua kofia, nikaendelea na ya kumi na nane. Pale ambapo valini haikushika, pingili iliyofuata ikakaa mahali pake, na hivyo ndivyo mnyororo ulivyopungua pingili moja.

Unyevu haukuhusika. Friza ya Mama Stoo haikuhusika. Amekaa na friza hiyo miaka kumi na tisa hajapoteza hata chupa moja. Kikao ni tarehe 5 Mei, na wanasema watamwondoa stoo, wampe kazi ya kufagia au wamwambie aende nyumbani. Mimi mwezi wa sita wanachagua mtu wa kwenda kusomea mashine mpya mwaka mzima, na jina langu ndilo la kwanza. Nikisema, halitakuwa hata la mwisho.

Jana alinimiminia chai. Akasema, "Unajua, labda kweli niliacha unyevu uingie. Nazeeka, mama." Nikasema pole. Nikainywa ile chai.

Sitaki unifariji. Nilitaka tu ujue unampenda mtu wa aina gani.

Mpwa wako


26 Aprili

Mwanangu,

Salamu baadaye. Barua yako nimeipokea leo saa nne, nimeisoma nimesimama, mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Nimekasirika, nakupenda, na yote mawili nakwambia kwa mpigo kwa sababu posta inafungwa saa saba. Mtu anayekuamini hadi anaanza kujishuku mwenyewe, unamwambia pole? Hiyo pole yako imenichoma kuliko hilo daftari.

Sasa na mimi. Unadhani sijui kuhesabu siku? Ijumaa saa nane mchana, mwezi wa pili, una haraka. Haraka hiyo ni mimi. Umeificha ili nisijilaumu, na nimekuona. Mimi sikuwa naumwa. Hilo ulilijua ulipoona viazi. Nilijifunika blanketi mchana wa jua kali mpaka jasho likaniloanisha mto, nikashindwa hata kuugua vizuri. Nilikuita kwa sababu fundi seremala ameniomba anioe, na nilitaka wewe ulijue kabla ya baba yako. Halafu ulipokuja nikaogopa. Nina miaka hamsini na tisa. Niliogopa uso wako ukicheka. Nikakimbilia vifungo.

Basi ndilo neno lenyewe, limeandikika. Nimemkubali. Tunaandikisha ndoa tarehe 14 Juni, halafu tunakula hapa uani, watu kama ishirini. Baba yako nimeshamwambia, akauliza kama sasa meza ya kukatia itakuwa ya bure.

Lakini nisikilize vizuri. Ukienda kusema, usinitie mimi kwenye maelezo yako. Uongo wa blanketi ni wangu, nitaubeba. Nilikuita, lakini sikukushika mkono ukaandika njano, na Jumatatu sikuwepo.

Na jambo la pili, ndilo kubwa. Kabla ya mkubwa wako, nenda kwa Mama Stoo. Nenda mlangoni kwake. Asiyasikie kwenye kikao, wala kwenye barua ya ofisi. Yeye ndiye anayekaa na chai yake akifikiri amezeeka. Mwambie yeye kwanza, kwa mdomo wako, hata akikutukana. Mkubwa wako anaweza kungoja nusu saa, huyo mama amengoja zaidi ya mwezi.

Nakimbia posta sasa hivi na sindano bado iko kifuani. Mungu aifikishe mapema.

Niliyekuwa nampenda namjua, na bado nampenda.

Shangazi yako


12 Mei

Shangazi wangu, bi harusi,

Shikamoo na hongera. Nimecheka, ndiyo, lakini kwa furaha, na nililia pia, kwa hiyo uso wangu usingeuelewa hata ungekuwepo. Mwambie seremala namjua tangu nikiwa mdogo, alikuwa akinipa vumbi la mbao nichezee. Kumbe mpango ulianza zamani.

Barua yako ilinifikia tarehe 8. Mimi nilikuwa nimeshasema tarehe 2.

Sikuweza kulala na ile chai. Ijumaa asubuhi nilichukua daftari, nikapita korido nzima mpaka kwa mkubwa, nikalifungua mbele yake kwenye hatua ya kumi na saba. Nikamwambia neno hili niliandika kabla ya kuangalia, na nilipoangalia nikaona bluu. Alivua miwani. Aliniuliza ni punje ngapi. Kisha akauliza kuhusu Jumatatu, nikamwambia na hayo. Aliandika muda mrefu. Kikao cha Mama Stoo kimefutwa na amepewa barua ya kumsafisha. Jina langu limeondolewa kwenye orodha ya masomo. Kwa miezi sita siruhusiwi kuweka saini kwenye daftari mpaka mtu mwingine aangalie punje pamoja na mimi. Sikukutaja popote.

Nilidhani nimemaliza. Nilijiona hata mwepesi.

Jumatatu nilikwenda stoo. Mama Stoo alikuwa ameshapata barua yake ya ofisi, iko juu ya kaunta, ameikunja mara mbili. Nikaanza kuomba radhi. Akainua mkono.

"Ofisi ya mkubwa iko upande gani wa korido?" akaniuliza.

Nikamwambia mwisho.

"Na stoo yangu?"

Nikamwambia katikati.

"Kwa hiyo ulipita hapa," akasema. "Ijumaa ile umepita mlangoni kwangu na daftari mkononi. Nilikuona. Nilikupungia mkono."

Akafunga kidirisha cha kaunta. Tangu siku hiyo alikuwa akinipa chupa bila neno. Anaitoa kwenye friza, anaiweka kaunta ipate joto, anageuka. Chai alikuwa anakunywa peke yake, mimi nakunywa kwenye ngazi.

Halafu ikaja barua yako. Nilifika pale ulipoandika niende kwake kwanza, niende mlangoni, nikakaa chini pale pale mapokezi. Ungekuwa na simu inayosikika, Shangazi. Lakini hata hivyo sidhani ni simu iliyokosekana. Wewe humjui yule mama, hujamwona hata kwenye picha, na ulimfikiria kabla mimi sijamfikiria. Mimi nilimfikiria mkubwa kwanza kwa sababu mkubwa ndiye niliyekuwa namwogopa.

Sikuwa na maneno yangu mwenyewe yanayofaa. Siku ya pili nikachukua barua yako nikaipitisha kwenye kidirisha. Nisamehe, niliipa mtu mwingine siri zako zote, na blanketi, na jasho. Aliivalia miwani. Aliisoma amesimama kama wewe. Pale pa mto ulioloana alitoa sauti puani. Alipofika kwenye chai na uzee, kidole chake kilisimama, akaurudia mstari ule, na akaurudia tena. Aliikunja taratibu.

"Huyu ni shangazi yako kabisa? Dada wa baba?"

"Ndiyo, mama."

"Anaolewa tarehe 14?"

"Ndiyo."

Kisha akasema, "Wewe sijakusamehe. Usije ukaenda kumwambia nimekusamehe."

"Hapana, mama."

"Lakini huyo nitakwenda kumwona akiolewa."

Akanirudishia barua. Akafungua friza, akatoa valini, akaiweka kaunta, maana mnyororo wa daktari wa vidonda tunaurudia kuanzia mwanzo. Akaniambia nirudi baada ya saa moja, na macho ya kuangalia punje nisiyatafute mbali, yeye mwenyewe ameomba ofisini awe anakuja kuangalia.

Kwa hiyo Shangazi, andaa viti viwili. Kama atataka vikae jirani, hilo bado sijalijua.

Mpwa wako